Bi Mimu Alivyonikosesha Ijumaa

Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye joto la nyuzi 801. Chumvi tuliyoletewa maabara yetu huyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi, na hapa Mombasa haingoji hata joto lenyewe: iache wazi tu inywe hewa ya pwani, ukirudi umekuta maji. Jina lake kamili ni butili-methili-imidazoli kloridi, jina ambalo ukilitamka na hamri mdomoni, mwenzio atajipangusa makombo. Kwenye chupa wamelifupisha, BMIM. Sisi tukamwita Bi Mimu, tukaendelea na kazi.

Bi Mimu ni wa ukoo wa vimiminika vya ioni, yaani chumvi zinazoyeyuka chini ya nyuzi 100. Ukoo wenyewe ni wa zamani. Paul Walden alieleza mmoja wao mwaka 1914, anayeyeyuka kwenye nyuzi 12 tu. Mambo yote ni umbo. Chembe za chumvi ya kawaida ni duara, zinashikana safu kwa safu mpaka umezitia moto mkali ndipo ziachane. Za Bi Mimu, moja ni kubwa, imepinda, ina mkia. Kuzipanga ni kama kupanga mafenesi kwenye trei ya mayai.

Alikuja kwa sababu ya makumbi ya nazi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walionyesha kwamba chumvi za aina yake huyeyusha selulosi, ile iliyomo kwenye pamba, karatasi na hata makumbi, na Daktari wetu akaona makumbi yanavyorundikana uchochoroni akapata wazo. Akaagiza chupa moja, akatukabidhi, akapanda treni kwenda mkutanoni Nairobi.

Sifa kubwa ya vimiminika hivi ni kwamba karibu havitoi mvuke kabisa. Havikupandi kichwani, havishiki moto ovyo, kwa hiyo watu husema ni rafiki wa mazingira. Mimi sifa hiyo siiamini sana. Petroli ikimwagika utaisikia kabla hujaiona. Bi Mimu akimwagika hanuki, hana rangi, na hakauki leo wala kesho, maana kila ukimkausha anavuta unyevu mwingine hewani. Na karatasi yake ya usalama haina masihara: sumu ukimmeza, huwasha ngozi na macho, hudhuru viumbe wa majini.

Alhamisi jioni kijana wetu wa mwaka wa nne alikuwa anampima. Akaniita.

"Mwalimu, mizani imeharibika."

Nikaenda kutazama. Tarakimu zilikuwa zinapanda zenyewe: 2.0413, 2.0419, 2.0426. Hakuna aliyegusa kitu.

"Haijaharibika. Anakunywa hewa huyo. Funika chombo upesi."

Akafunika upesi kweli, na katika upesi huo punje kadhaa zikaangukia kiti cha mbele ya mizani. Hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Ijumaa, saa sita na nusu mchana. Koti la maabara nimelivua, nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, udi unanukia mpaka mjusi wa dirishani kageuza shingo. Nikaketi pale kitini kutia sahihi daftari, nifunge, niende zangu msikitini. Nikahisi baridi. Kuinuka, kanzu imenigandia nyuma, doa kubwa kama kisahani.

Maji tu, nikajiambia. Nikasimama chini ya panka, mgongo juu, nikiomba asiingie mtu. Doa halikukauka. Wallahi lilikuwa linatanuka. Adhana ikaanza, nikaamua jua la nje litamaliza kazi, nikatoka.

Mlinzi wa getini, mzee wa watu, aliniangalia nikimpita, kisha akanifuata taratibu na kuninong'oneza: "Yakhe, usione haya. Hata mimi ilinianza hivi hivi. Kapime sukari."

Kabla sijamjibu, mwasho ukaanza. Na nyuma yangu nikasikia viatu: kijana anakuja mbio, karatasi ya usalama mkononi.

"Mwalimu! Yale maji ya kitini si maji!"

Karatasi inasema vua nguo iliyomwagikiwa, osha kwa maji mengi, dakika 15 zisipungue. Tukarudi ndani, nikasimama chini ya bafu la dharura, kijana akavuta mnyororo. Bafu likakohoa, likatoa kutu kidogo na buibui mmoja. Wiki hiyo maji yalikuwa yamekatika, na tangi la juu hakuna aliyekumbuka kulijaza.

Nje kulikuwa na muuza maji na mkokoteni wake. Kijana, ambaye hesabu haimtoki hata nyumba ikiungua, akatoa simu.

"Kwa kiwango cha Wamarekani, bafu la dharura litoe lita 75 kwa dakika. Mara 15 ni lita 1,125. Mitungi ya lita 20… ni 56 na kidogo."

"Mtungi ni hamsini," akasema muuza maji. "Lakini kwa mitungi 56 nawafanyia arubaini."

"Mimi nawashwa!" nikapiga kelele.

Tukakubaliana mitungi mitano na kata, maji yaende pale pale palipoguswa. Mama yetu wa usafi akaleta karai kubwa, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyekumbuka kwamba mfereji wetu unakwenda moja kwa moja kreki ya Tudor, na samaki wa Tudor hawakukalia kiti cha mtu. Kanzu ikatiwa kwenye mfuko ikafungwa. Nikasimama ndani ya karai na fulana na bukta, mwalimu mzima, kijana kavaa glavu na miwani ya kinga, ananimwagia kata baada ya kata na saa ya simu inahesabu. Kila nikisema imetosha ananionyesha simu: dakika ya nne.

Muuza maji hakutaka kuondoka. "Mzee kafanya nini?"

"Kamkalia Bi Mimu," akajibu kijana, macho kwenye saa.

"Akamchoma?"

"Ndiyo kawaida yake."

"Na huyo Bi Mimu sasa yuko wapi?"

"Mwingine bado yuko kitini."

Muuza maji akatazama mlangoni kwa heshima kubwa.

Mwasho ukaisha, ngozi ikabaki nyekundu tu. Bukta nayo ilikuwa imeloa, kwa hiyo mama wa usafi akanipa leso yake nijifunge. Nilijifunga bila kusoma. Dereva wa tuktuk ndiye aliyenisomea, kwenye foleni ya daraja la Nyali: MSIJISUMBUE, NIMESHAMPATA.

Nafika Kisauni, mke wangu yuko mlangoni. Habari zilikuwa zimevuka daraja kabla yangu. Muuza maji yule ana shemeji jirani yetu.

"Baba watoto, Bi Mimu ni nani?"

"Ni chumvi."

Akaisoma leso. Polepole, neno kwa neno.

"Chumvi."

"Haki ya Mungu. Daktari ndiye aliyemleta, kwa ajili ya makumbi. Sasa yeye anayeyuka upesi, na hana harufu, ndiyo maana nilipokaa sikujua kama yuko."

"Ulipokaa."

"Juu yake. Lakini nilioshwa dakika 15."

Kuna nyakati elimu haimsaidii mtu. Kila nilichoongeza kilikuwa kweli tupu, na kila kweli ilinisogeza karibu na kulala barazani. Nilipofika kwenye ule mkia mrefu akaniambia ninyamaze, watoto wanasikia.

Jumatatu akaja nami kazini. Mitungi mitano ya maji machafu ilikuwa ukutani, imeandikwa SI MAJI, na mwenyewe muuza maji kasimama getini anaidai. Mke wangu akaipita. Nikamwonyesha chupa, imefungwa barabara ndani ya chombo cha kukaushia, chini yake shanga za silika ambazo zilikuwa bluu wiki iliyopita na sasa zote zimekuwa waridi kwa kunywa unyevu. Akainama, akaona picha ya fuvu kwenye lebo, akaona yale mawe meupe.

"Huyu?"

"Huyu."

"Na mbona mwamwita Bi?"

Hakungoja jibu. Akachukua kalamu nene iliyokuwa mezani, akakata lebo yetu kwa mstari mmoja, akaandika BWANA MIMU kwa herufi kubwa, akaomba ile leso airudishe kwa mwenyewe kwa mkono wake.

Daktari aliporudi kutoka Nairobi alikagua kabati, akaja na daftari la bidhaa, akaniuliza huyu Bwana Mimu tumemwagiza lini, na kwa bajeti ya nani.