Dripu Dar au mofini nyumbani?

Shangazi yangu alikuwa na miaka 76 saratani ya titi ilipotoboa ngozi na kuingia kwenye mifupa ya mgongo. Kikao cha familia kikagawanyika. Binamu zangu wa mjini walitaka apelekwe Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akatundikiwe dripu za tibakemikali. Wazee wakasema ameshakula chumvi nyingi, aachwe nyumbani Kigoma.

Hoja ya chumvi siikubali. Umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu tiba, na mara nyingi anayeutaja ana nauli kichwani. Tena saratani ya titi ya wanawake wazee mara nyingi hulishwa na homoni. Kipimo cha kipande cha nyama kutoka kwenye uvimbe kikionyesha hivyo, kidonge kimoja cha tamoksifeni kwa siku kinaweza kuuzuia ugonjwa kwa muda, mgonjwa akiwa kwake. Hata mionzi, dozi moja tu huweza kutuliza maumivu ya mfupa. Asiyefika hospitali hayapati hayo.

Lakini binamu zangu walikuwa wanatafuta kupona, na saratani ya titi iliyokwisha kufika mifupani haiponi. Dripu pengine zingepunguza uvimbe. Zingemletea pia kutapika, uchovu na safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kila awamu. Siku alizobakiwa nazo zingeishia kwenye basi.

Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ilitajwa mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jina jingine la kukata tamaa. Hapo ndipo tunapokosea zaidi. Inatakiwa ianze ugonjwa unapojulikana, iende pamoja na tiba nyingine. Na nyumbani bila mofini, dawa ya maumivu makali, ni kutelekezwa, hata watoto wakijaa uani. Waganda wameonyesha njia: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, hutumia mofini ya maji ya bei nafuu, na tangu 2004 wauguzi wenye mafunzo maalumu wanaruhusiwa kisheria kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Anayefika kijijini ni muuguzi.

Sisi tuliambiwa kwenye kituo kimoja kwamba mofini itamfanya shangazi teja. Mgonjwa wa saratani anayepimiwa dozi kulingana na maumivu yake ni nadra sana kufika huko. Kinachomsumbua zaidi ni kufunga choo, na hicho kina dawa yake.

Muuguzi wa misheni alipokuja hatimaye, alianza na kidonda. Alisaga vidonge vya Flagyl kwa mgongo wa kijiko, akanyunyizia unga wake, na baada ya siku chache harufu ikapungua. Shangazi alikuwa amehamishia kiti chake nyuma ya nyumba, asiwakere wageni. Kisha muuguzi akamuuliza anataka nini, swali ambalo vikao vyetu vitatu havikumuuliza.

"Nilale usiku mzima. Na kiti changu kirudi barazani."