Nauza Karanga, Kurasa Siuzi

Jamani, atakayekwambia ualimu ni wito, muulize kwanza kama wito wake una madaftari 93 ya kusahihisha. Leo asubuhi nimenunua karanga za mia mbili hapa Mikindani, nikazimwaga mdomoni kwa mkupuo mmoja. Nataka kutupa karatasi, naona maandishi. Si daftari la mtoto. Riwaya! Ukurasa wa 87, nikageuza, 88. Toka BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya sisi wanachuo, ianze, wiki ya tano hii, sijagusa riwaya, kwa hiyo nilisimama barabarani kama mtu aliyepokea majibu ya posa. Mume kasafiri, mke kasikia hodi usiku wa manane, kashika kibatari, kafungua mlango, na aliyesimama nje ni

Basi. Karatasi imeisha.

Mnielewe. Mimi kwetu Masasi nilikuwa nasoma mpaka boksi la dawa ya meno. Chuoni begi langu lilikuwa na riwaya nne. Sasa lina azimio la kazi, faili la maandalio na kalamu nyekundu inayovuja. Vipindi 26 kwa wiki. Mwenye darasa, siku ileile tuliporipoti walimu wa mazoezi, alipata mgonjwa Newala, na mgonjwa yule mpaka leo hajapona wala hajafa.

Nikarudi kwa Bi Somoe, muuza karanga.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwalimu. Ushazimaliza?"

"Naomba ukurasa wa 89."

Akanitazama kama nimemwomba anikopeshe meno. "Mwanangu, mie nauza karanga. Kurasa siuzi."

"Basi nipe karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa 89."

"Hapo sawa. Ila sichagui. Karatasi nanunua kwa kilo, wewe nunua, Mungu atakuonyesha."

Nikanunua. Ukurasa wa 111: watu wanazika. Nikanunua tena. Wa 15: mume na mke wanapendana, hawajui kinachowasubiri. Cha tatu hakikuwa riwaya kabisa, kilikuwa andalio la somo la Sayansi, darasa la tano, la mwalimu wa mazoezi aliyenitangulia. Mwandiko wa kupendeza, na kwenye sehemu ya tafakuri kaandika "somo limeeleweka vizuri." Nimelitia mfukoni. Mada hiyo naifundisha Alhamisi, na naomba msinitazame hivyo.

Nilipofika kikaratasi cha saba, elfu moja na mia nne imekwenda na mifuko yote miwili imejaa karanga, Bi Somoe akauliza, "Kwani humo mna nini?" Nikamsimulia. Akaacha kukaanga.

"Kafungua usiku? Na mumewe hayupo?"

"Hayupo."

"Mjinga huyo."

Kijana wa bodaboda akaja kununua, akaambiwa asubiri. Naye akasimuliwa. Akasema anayegonga ni mume mwenyewe, karudi kufumania. Bi Somoe akasema hapana, ni mama mkwe, mama mkwe ndiye hafiki mchana. Tukaanza kufungua vikaratasi vyote, karanga tunarudisha kwenye beseni, bodaboda anasoma namba kwa sauti kama mnada wa korosho: "Thelathini na tatu! Mia moja na sita!" Kengele ya shule ikalia. Beseni limejaa, 89 haipo. Ndipo Bi Somoe akakumbuka, "Aa! Mteja wa kwanza leo alikuwa mwalimu mkuu wenu."

Nilikimbia. Nimeingia ofisini nahema, mwalimu mkuu yuko mezani, karatasi imetandazwa mbele yake, maganda mekundu juu ya namba, naona 8 tu. Na pembeni yake kakaa mtathmini kutoka chuoni, ambaye alitakiwa kuja kesho.

"Andalio lako, mwalimu."

Nikatia mkono mfukoni, nikatoa, nikakabidhi kwa heshima zote, mikono miwili. Akasoma. Akavua miwani. Akauliza, "Nani amekufa?"

Nikamjibu ukweli: sijui, mkufunzi, ndiyo nilikuwa natafuta.

Kufika mwisho wa kipindi, dakika 40 zile, mwalimu mkuu ameshafutia vidole ile karatasi na imekwenda jalalani na majivu.

Kusema kweli nimechoka. Usiku najaribu kusoma kwa tochi ya simu, mistari miwili, naamka saa kumi simu iko kifuani, chaji sifuri, na umeme hakuna. Gesi ya Mnazi Bay, ya hapahapa mkoani Mtwara, ina bomba lake mpaka Dar tangu 2015, ikazalishe umeme huko, mimi mwenyeji wa mkoa nasahihisha madaftari gizani. Halafu kesho natakiwa niwafundishe watoto kupenda kusoma. Kabati la vitabu la shule lenyewe lina majembe na mpira uliopasuka.

Livingstone, yule mpelelezi Mzungu, alianzia safari yake ya mwisho ya bara hapahapa Mikindani mwaka 1866, akaenda porini na bado akapata muda wa kuandika shajara. Lakini yule alikuwa na wapagazi. Mimi manila zangu, karatasi kubwa za michoro ya kufundishia, nabeba mwenyewe, na jioni hii upepo wa kusi umenipokonya moja, ile ya mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, nimeikimbiza mpaka kwa wauza pweza. Imetua kwenye kikaango. Jamaa ananidai mafuta.