Arthur Lewis na jamvi la karafuu

Wanafunzi wetu wa uchumi humjua mchumi Arthur Lewis kwa mchoro mmoja: sekta mbili, ya kujikimu na ya mitaji, mstari wa ujira unaokwenda sawa, kisha unapanda. Mchoro hukaririwa, mtihani ukapita, basi. Naona ni hasara kubwa kwetu sisi wa visiwani. Lewis alikuwa mtu wa kisiwa kama sisi, na hesabu yake inaanzia nyumbani, kwenye sufuria moja wanayoila wote.

Alizaliwa Castries, kisiwa cha Saint Lucia huko Karibi, mwaka 1915, baba na mama wote walimu. Alipokuwa na miaka saba aliugua akabaki nyumbani, baba yake akamsomesha mwenyewe. Kwa miezi mitatu alisoma ya miaka miwili, na aliporudi skuli akapandishwa kutoka darasa la nne hadi la sita. Akiwa na miaka hiyohiyo saba baba akafariki, mama akabaki na watoto watano wa kiume. Arthur alimaliza skuli na miaka 14, mdogo mno kufanya mtihani wa skolashipu, akawa karani serikalini. Huko alijifunza kuandika, kupiga taipu na kupanga mafaili. Skolashipu aliipata 1932. Alitamani uhandisi, lakini alijua kwamba si serikali ya kikoloni wala kampuni za wazungu zingemwajiri mhandisi mweusi, akaenda kusoma biashara London School of Economics. Uzamivu 1940, uprofesa Manchester 1948 akiwa na miaka 33. Mwaka 1947 alimuoa Gladys Jacobs, mwalimu wa Grenada, wakajaaliwa mabinti wawili.

Makala iliyompa jina ni ya 1954. Anasema katika nchi maskini wapo watu wengi ambao wakiondoka kwenye kazi zao, mazao hayapungui kitu. Mfano mmoja alioutoa ni vijana wanaokimbilia kukubebea mzigo pale tu unapotokea. Asiyeuona mfano huo na asimame bandari ya Malindi, Unguja, boti ya Pemba inapofunga gati.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Nyumba ya watu watano ina shamba la muhogo linaloingiza shilingi 15,000 kwa siku. Wastani ni 3,000 kwa mtu. Kijana mmoja akiondoka, mapato yanashuka hadi 14,500, kwa hiyo alichokuwa akiongeza yeye ni 500 tu. Lakini alikuwa akila fungu lenye thamani ya 3,000, kwa sababu hakuna mama anayempimia mwanawe wali kwa jembe alilopiga. Kwa hiyo tajiri wa mjini hawezi kumng'oa kwa 500. Lazima avuke 3,000, na Lewis aliona pengo hilo kwa kawaida ni kama asilimia 30 au zaidi, yaani 3,900 hivi. Kosa la kwanza, nalo ndilo ninaloliona zaidi, ni mwanafunzi kugawa 15,000 kwa tano na kuliita jibu hilo mchango wa mtu wa mwisho. Hapo keshavuruga kila kitu, maana nadharia nzima imekaa ndani ya tofauti ya 500 na 3,000.

Kosa la pili ni la utafiti: mwanafunzi kwenda shamba kuhoji watu mara moja tu kwa mwaka. Ukihoji Wete au Micheweni, kule Pemba, mwezi usio na zao, utaona vijana barazani na utaandika kwamba nguvukazi ni ya ziada. Rudi karafuu zikishika. Tumba lazima lichumwe kabla halijafunguka, likishakuwa ua thamani imekwenda. Wachumaji hutafutwa hadi Unguja, na ujira wao hupanda. Ile ziada yote iko wapi? Ipo kwa miezi, haipo kwa mwaka. Kwa hiyo dodoso liulize kazi ya kila mwezi, na kwa wakulima wa mwani liulize kwa bamvua, maji yanapokupwa sana, kwani maji mafu hakuna kazi ya kushuka pwani.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma zaidi: kumhoji mkuu wa kaya peke yake. Atakwambia mkewe "yuko nyumbani tu". Nenda baada ya sala ya isha uone hilo "tu". Karafuu mbichi zimemwagwa jamvini, wanawake na watoto wamezizunguka. Mkono mmoja unashika kikonyo, kiganja cha pili kinasugua, tumba zinadondoka upande huu na makonyo upande ule. Zikiachwa rundo mpaka kesho zinapata joto, zinavunda na kushuka daraja. Asubuhi zinaanikwa juani, siku nne au tano kama hakuna mvua, na kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Mume ndiye anayepeleka gunia kituo cha ununuzi na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye risiti. Ukimwandika mke kuwa hana kazi, umeingiza uongo kwenye data, na hakuna programu ya kompyuta itakayoutoa.

Lewis mwenyewe hakukaa darasani tu. Mwaka 1957 alikwenda Ghana kuwa mshauri wa uchumi, akatofautiana na Nkrumah juu ya miradi ya mpango wa maendeleo, akaondoka 1958. Akaongoza chuo kikuu cha West Indies, akahamia Princeton 1963, na kuanzia 1970 akawa rais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Karibi. Tuzo ya Nobel ya uchumi aliipata 1979 pamoja na Theodore Schultz, mtu mweusi wa kwanza kuipata Nobel isiyo ya amani. Alifariki Barbados 1991, akazikwa kwao Saint Lucia, kwenye uwanja wa chuo chenye jina lake.

Mwalimu atakayemsomesha tena muhula ujao, chuoni Tunguu, Unguja, au Pemba, naomba auweke mchoro kando kwa wiki mbili za mwanzo. Kila mwanafunzi achukue nyumba moja anayoifahamu, achore jedwali la miezi 12 kwenda chini na majina ya wanakaya wote kwenda kulia, watoto na bibi wakiwemo, na ajaze saa za kazi kwa kumuuliza kila mmoja mwenyewe.