Siku niliyowatoa watu wote majini Tamarindo

Ukiwaambia watu wa Houston kwamba umezaliwa Mombasa, kwao wewe ni samaki. Wenzangu kazini walinitia kwenye msafara wa Costa Rica bila hata kuniuliza, eti mtoto wa pwani atatufundisha kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Nikanyamaza. Wangejuaje kwamba bahari yetu ina mwamba mbele? Wimbi hutoka huko Bahari ya Hindi na hasira zake zote, likavunjikia nje, na likifika ufukweni limeshatiwa adabu: linakulowesha magoti na kurudi zake. Sisi twaogelea, twavua, twapiga mbizi. Kusimama wima juu ya wimbi kulikuwa na haja gani, na ngalawa zipo?

Katika msafara huo Waafrika tulikuwa wawili tu, mimi na ndugu mmoja wa Bukavu ambaye maji makubwa aliyokulia ni Ziwa Kivu. Huyo hakuna aliyemtarajia lolote. Alikuja kwa ajili ya kupumzika, akasema, na kula matunda.

Tamarindo iko upande wa Pasifiki, mkoa wa Guanacaste, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa Liberia, mji wa huko huko Costa Rica, si ile nchi. Miezi ya mvua, Mei hadi Novemba, ndiyo mawimbi makubwa hufika kutoka dhoruba za kusini kabisa mwa Pasifiki. Sisi tulikwenda Januari, kiangazi chao, mawimbi yakiwa ya kiasi na upepo wa Papagayo ukivuma. Upepo huo huvuka kutoka Karibi, ukapenya kwenye bonde la Ziwa la Nikaragua, ukatokea baharini ukiwa bado na nguvu. Wavuvi wetu wana umande, upepo wa alfajiri unaowatoa na mashua. Huu wa wenzetu hautazami saa. Mabingwa wa mbao wanaupenda kupita kiasi, maana ukitoka nchi kavu unalishikilia wimbi lisiporomoke haraka, nalo linasimama likiwangoja. Kitu ambacho mabingwa hawakunitajia ni kwamba unayasukuma nje maji ya juu yenye joto, na ya chini yanapanda na baridi yake. Nilitia mguu, nikautoa. Digrii 10 tu kutoka ikweta, na meno yanagongana!

Chakula chao sina ugomvi nacho, isipokuwa jambo moja. Asubuhi unaletewa gallo pinto, yaani wali uliokaangwa pamoja na maharagwe meusi. Mtamu. Lakini minazi imesimama pale dirishani, na sahanini hamna hata tone la tui. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba wali na maharagwe ya nazi ni mambo ya upande wa pili wa nchi, pwani ya Limón, kwa watu ambao wazee wao walitoka Jamaika. Nikajua nimepelekwa pwani isiyo yangu.

Jioni ya kwanza tulitembea hadi mwisho wa ufuo upande wa kaskazini, pale mto unapoingia baharini. Ng'ambo ni Playa Grande, ndani ya hifadhi ya taifa ya Las Baulas, ambako kasa wakubwa kuliko wote duniani hupanda usiku kutaga. Wenye boti hukuvusha kwa pesa kidogo. Kuna wanaojivukia kwa miguu maji yakipwa, na hao ndio waliowekewa bango lenye picha ya mnyama aliyeachama, na maandishi: COCODRILOS. Mamba wa huko hawana shida na maji ya chumvi. Mara nyingine hutoka mtoni wakapunga hewa baharini, kwenye mawimbi. Ndugu yangu wa Bukavu alifurahi mno kupata neno la Kihispania lililo karibu hivyo na Kifaransa chake. Alilirudia njia nzima, mpaka kitandani.

Asubuhi ilikuwa bamvua, na maji yamekupwa mbali. Tukagawiwa mbao ndefu za sponji, za wanagenzi, kila mmoja akafungwa kamba yake kwenye kifundo cha mguu ili ubao usimkimbie. Mwalimu, kijana mmoja mpole, akatulaza kifudifudi mchangani, tukapiga makasia hewani, tukaruka na kusimama, watu wakituangalia na kahawa zao. Mwisho akatuonya: kwenye maji mafupi msinyanyue miguu, iburuteni. Taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, hujifukia chini ya mchanga, na wakisikia mguu unakuja huondoka wenyewe.

Kwa habari ya taa nilikuwa mimi wa kutoa somo. Nimewala wabichi, nimewala wakavu, nimewala wa nazi na ndimu, na mkia wenye mwiba nimeonywa tangu sijaota meno. Nikaingia majini nikiburuta miguu kwa ufundi hata mwalimu akawaonyesha wengine: fanyeni kama yule.

Kisha likaja wimbi ambalo hata halikuwa langu. Likaukumba ubao wangu, ubao ukaondoka na kamba, kamba ikaondoka na mguu wa kulia. Nikabaki kwenye wa kushoto nikirukaruka, na katika kuruka nikatua juu ya kitu laini, kinene, ambacho kilijikunja chini ya unyayo. Halafu kikanichoma. Maumivu yake hayaishii kwenye kidonda. Yanapanda mfupani mpaka kwenye goti, yakifika hapo yanauliza njia ya kwenda mbele.

Sasa mtu aliyelala na bango lile kichwani utamtarajia aseme nini? Nilipiga ukelele wa "Mamba!"

Ufuo mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa kunielewa, na wakati huo, naapa, alikuwa amesimama. Mtu wa Bukavu, wima juu ya ubao, mikono ameitanua, anakuja na wimbi kama bwana harusi. Aliposikia mamba alijirusha upande, akaibuka anakohoa, na neno lake la Kihispania likapata kazi.

"Cocodrilo! Cocodriloooo!"

Sijawahi kuona bahari ikihamwa vile. Mabingwa waliokuwa nje kwenye mawimbi makubwa walilala juu ya mbao zao wakapiga makasia kwa mikono na miguu. Akina mama wakavuta watoto kwa kofia. Muuza madafu, ambaye tangu asubuhi alikuwa mchangani penye jua kavu, aliacha mkokoteni wake akatimua mbio kuelekea mjini. Dakika chache baadaye umati umejipanga ufukweni, mbao makwapani, wakitazama maji matupu. Na bahari nayo ikaona huo ndio wakati wa kuleta fungu la mawimbi bora ya siku: marefu, safi, yakifunguka taratibu kutoka kulia kwenda kushoto, moja baada ya jingine, bila mtu hata mmoja juu yake.

Mwalimu akanikalisha, akauinua mguu wangu, akauosha. Kitundu kidogo, damu kidogo. Akatikisa kichwa, akatamka kwa sauti ambayo nilitamani ingekuwa ndogo zaidi: taa. Habari ikapita mstarini. Mabwana wale wenye mbao walinigeukia. Hakuna aliyenitukana kwa lugha ninayoijua.

Dawa ya taa ni maji ya moto, moto kadiri unavyoweza kuvumilia, maana sumu yake inaharibiwa na joto. Unakaa nayo saa nzima na zaidi, kisha zahanati wanaangalia kama mwiba haukukatikia ndani na kukuchoma sindano ya pepopunda. Nikabebwa hadi kwenye mgahawa mdogo wa karibu, ambao wenyewe huuita soda. Mama mwenye jiko alinitia mguu kwenye beseni bila maswali. Taabu ni kwamba birika lililokuwa jikoni lilikuwa moja, na asubuhi ile lilikuwa na kazi ya kahawa. Kahawa yao huchujwa kwa mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye kiunzi kidogo cha mbao, na maji humiminwa polepole. Birika likichemka, yule mama anatazama kitambaa, anatazama mguu wangu uliovimba, kisha maji yote yanakuja beseni kwangu.

Na kina nani waliokuwa kwenye foleni ya kahawa? Hao hao. Wamelowa, wanatetemeka kwa upepo wa Papagayo, wamekosa mawimbi, na sasa kahawa yao inaoga mguu wangu. Kila birika lililokuja, mmoja wao aliguna.

"Ndugu, inakuluma bado?" akaniuliza mwenzangu.

"Inapungua."

"Nilikuwa nimesimama," akasema. "Uliona?"

"Niliona."

"Basi waambie hawa."

Saa tano hivi nikampigia mama. Mombasa ilikuwa saa mbili usiku.

"Mama, nimechomwa na taa."

"Wapi?"

"Mguuni."

"Nauliza nchi gani! Si wewe u Marekani, kazini?"

Nikaeleza. Akanipa pole, akauliza kama maji ni ya moto kweli au ya uvuguvugu, akanisomea dua. Halafu akatua kidogo.

"Alikuwa mkubwa?"

"Mkubwa, mama. Nilisikia mgongo wake mzima."

"Yuko wapi sasa?"

"Amekwenda zake."

"Amekwenda zake vipi? Hukuwa na mwenzio?"

"Nilikuwa naye."

"Hebu mpe simu."

Nikampa. Ndugu yangu wa Bukavu akasimama wima, akavua kofia.

"Ndiyo, Mama... Ndiyo, Mama... Hapana, Mama, hatukumupika."