Jemadari mwenye chaki mkononi

Kuna picha moja ya Mustafa Kemal, rais wa kwanza wa Uturuki, yule aliyekuja kuitwa Atatürk, ambayo kila nikiiona naganda. Ilipigwa Kayseri, Septemba 1928. Amevaa suti, kasimama kando ya ubao, chaki mkononi, anawaonyesha watu wazima herufi kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Huyu ndiye aliyesimama kwenye vilima vya Gallipoli mwaka 1915 na kuwaambia askari wake: "Siwaamuru mshambulie, nawaamuru mfe." Ndiye aliyewazuia Wagiriki kwenye mto Sakarya mwaka 1921, vita vya siku 22 usiku na mchana. Jamhuri ilipotangazwa mwaka 1923 akawa rais, mwaka uliofuata akawataka makamanda waliokuwa wabunge wachague: kambi au Bunge, vyote viwili haviwezekani, na mwaka 1927 naye akastaafu rasmi jeshini. Kwa hilo namvulia kofia. (Kofia yenyewe aliitungia sheria mwaka 1925, tarbushi ikawa kosa.)

Lakini gwanda kuvuliwa ni jambo moja, na ukamanda kumtoka mtu ni jingine.

Tazama habari ya herufi. Kituruki kina irabu nane, na hati ya Kiarabu, iliyotumika kukiandika, ina alama chache mno za kuzibeba, hivyo msomaji alilazimika kubahatisha. Watu waliojua kusoma walikuwa yapata mmoja kati ya kumi. Hoja ya kubadilisha ilikuwepo, tena nzito. Inasimuliwa kwamba wataalamu walipopendekeza mabadiliko yachukue miaka, yeye alijibu: miezi mitatu, la sivyo hayatafanyika kamwe. Akatangaza Agosti 1928 jijini Istanbul. Novemba mosi Bunge likapitisha sheria ya herufi 29 za Kilatini. Kufika Januari 1929 hakuna kitabu kilichoruhusiwa kuchapwa kwa herufi za zamani. Hiyo ndiyo kasi ya mtu aliyezoea kuteka kilima kabla adui hajaamka.

Mimi naona alikuwa sahihi kuhusu herufi na alikosea kuhusu saa. Mamilioni walijifunza kusoma, hilo halina ubishi. Ila mwanamume wa miaka hamsini aliyekuwa msomi aliamka hajui kusoma gazeti, na wajukuu zake leo wanapita makaburini, penye maandishi ya herufi za zamani, bila kujua ni nani aliyelala pale. Kwa adhana simtetei hata kidogo: kuanzia 1932 waadhini walitakiwa kuadhini kwa Kituruki, na ikabaki hivyo hadi 1950. Serikali inatafuta nini juu ya mnara? Tena wakosoaji hawakuwa na pa kusemea, kwa kuwa chama cha upinzani cha maswahiba wake wa vita kilifungwa mwaka 1925, na cha 1930, alichokibariki mwenyewe, hakikumaliza hata miezi minne.

Wanaomsifu hunijibu: wanawake je? Kweli, mwaka 1934 walipata haki ya kupiga kura na kugombea ubunge, miaka kumi kabla ya Wafaransa. Sibishi.

Habari hii inanigusa kwa sababu ya daftari. Babu yangu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa pwani kwa karne kadhaa. Sisi hatukuwa na jemadari wa kutuamuru tuziache. Walikuja wamisionari, wakaja maofisa wa kikoloni na shule zao, na mwaka huohuo wa 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, wakati huo herufi za Kilatini zimeshakaa madarasani. Hakuna aliyesimama na chaki kutueleza kwa nini. Mturuki anajua wa kumshukuru na wa kumlaumu, naye ni mtu mmoja. Mimi sijui nimlaumu nani.

Mwaka jana nilimpelekea daftari lile mwalimu mmoja wa madrasa. Nilitarajia mashairi, au angalau wasia. Akavaa miwani, akapitisha kidole kulia kwenda kushoto, akacheka. Lilikuwa ni orodha ya watu waliochukua nazi kwa mkopo, na wawili kati yao, alisema, babu aliwapigia mstari mara mbili.