Mtemi Mpya wa Mabatini

Jumapili yangu mimi ni ya kulala. Lakini mama watoto alishaamua: twende Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, watoto wakaone mambo ya watemi, wale machifu wa zamani. Nikajaribu kupenyeza kwamba jumba la mtemi liko kule Bukindo, Ukerewe, nikijua akipiga hesabu ya nauli ya kivuko kwa watu sita atanyamaza. Akasema, "Bujora ni daladala tu." Kesi ikaisha.

Kwenye daladala ya kutoka kwetu Mabatini, Mwanza, kwenda Kisesa konda ananiambia "sogea mzee, nafasi ipo." Nafasi yenyewe ni goti langu, limekaliwa na mama mwenye ndoo ya dagaa. Mpwa wangu, yule mtoto wa dada aliyekuja kwangu mwaka juzi kwa "wiki mbili tu mjomba, natafuta kazi," yeye kakaa dirishani, anapunga upepo.

Kusema ukweli, pale pazuri. Makumbusho yale yalianzishwa na Padre David Clement, Mkanada, miaka ya 1950, na jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Jengo zima ni kiti! Ndani kuna ngoma za watemi, maana kwa Wasukuma ngoma ndiyo utawala wenyewe. Wazee waliomchagua mtemi, na kumng'oa akiharibu, waliitwa banang'oma, watoto wa ngoma. Nikajiona nimefika kwa wenzangu. Mikono nyuma, tumbo mbele.

Ndipo mtembeza wageni akatoboa: kwa jadi, mtoto wa mtemi hakurithi utemi. Aliyerithi ni mtoto wa dada yake.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi cha taratibu, cha mwenye mali.

Mzee mmoja aliyekuja na wajukuu wake akaongezea bila kuombwa: "Mtoto wa dada damu yake haina shaka. Wa kwako unaambiwa tu." Nikageuka kuwatazama wanangu watatu. Mama watoto naye akageuka kunitazama mimi. Nikarudisha macho kwenye ngoma upesi.

Njia nzima ya kurudi mpwa wangu haongei, anatikisa kichwa tu kama anayepokea salamu za wananchi. Tulipofika Igoma nikamwambia, ili tuelewane mapema, "Utemi ulifutwa na serikali 1963."

"Kweli, mjomba," akasema kwa adabu zote. "Umefutwa utemi. Ujomba haujafutwa."

Daladala nzima ikacheka. Konda akamrudishia nauli yake! Mimi nilichelewa kupewa hata chenji yangu ya mia tano.

Usiku sato akaletwa mezani. Kichwa cha sato nyumbani kwangu ni cha baba, hilo halijawahi kuwa na mjadala tangu nioe. Nikanawa, nikarudi, nikakuta kichwa kiko sahani nyingine. Nikauliza nani kaamua. Mama watoto akawaonyesha wale watoto watatu, wanakula wameinamisha vichwa. "Banang'oma wamekaa kikao," akasema.

Mpwa wangu naye alikuwa amekaa. Kwenye kiti changu, kile chenye mto, mkabala na televisheni.

"Karibu mjomba," akasema, mdomo umejaa jicho la samaki. "Shikamoo."

Nikaitikia marahaba. Nikavuta ndoo ya maji, nikaipindua, nikakaa.