Chati ya gemu Japani: Mario Kart haitoki, ni afya au ni ugonjwa?

Kila wiki jarida la Famitsu likitoa chati ya gemu zilizouzwa Japani ugomvi unaanza uleule. Kuna wanaosema jamani soko limekufa hili, fungua chati ya leo alafu fungua ya miaka mitano nyuma, utakuta Mario Kart, Minecraft, Animal Crossing, zilezile, sasa hilo ni soko au makumbusho? Na kuna wanaojibu kwamba nyie hamjui mnachoangalia, gemu kukaa kwenye 30 bora miaka yote hiyo ndo ushahidi kwamba watu wanaipenda kweli, siyo matangazo. Mimi naegemea hawa wa pili, ila siyo kwa sababu wanazotoa wao, na kuna sehemu wale wa kwanza wana hoja nzito ambayo hata wenyewe hawaitumii vizuri.

Tuanze na namba. Mario Kart 8 Deluxe, gemu ya Nintendo ya mashindano ya magari, ilitoka Aprili 28, 2017 kwenye mashine yao ya Switch, na wala haikuwa gemu mpya, ile ya mwanzo ilikuwa ya Wii U, mashine yao iliyotangulia, tangu 2014, wakaiongezea vitu wakairudisha sokoni. Wiki ya kwanza Japani haikufika kopi laki 3. Ungeishia hapo ungesema imeenda kawaida tu. Leo kwa hesabu ya Famitsu, kopi za boksi peke yake, bila za kupakua mtandaoni, zimepita milioni 6, maana yake ile wiki ya kwanza yenye kelele zote ni chini ya asilimia 5 ya mauzo yake. Sasa weka pembeni yake Final Fantasy XVI, gemu ya hadithi ya Juni 2023 kwenye PS5. Hiyo ilianza na kama kopi 336,000, yaani iliipita Mario Kart mlangoni kabisa, alafu baada ya wiki chache huioni tena kwenye chati. Mwaka uliofuata Final Fantasy VII Rebirth ikaanza na kama 262,000. Na hii ni familia ya gemu ambayo mwaka 1997 ile VII yenyewe iliuza zaidi ya milioni 2 ndani ya siku tatu, na hata 2009 ile ya XIII ilikusanya milioni 1.5 wiki ya kwanza.

Mimi navyoona wiki ya kwanza inapima mashabiki ulionao tayari. Ni wale waliosubiri, waliolipia kabla, waliosimama foleni. Haikwambii kabisa kama kuna mtu mpya anaingia. Mauzo ya wiki ya mia tatu ndo yanakwambia hilo, kwa sababu anayenunua Mario Kart ya 2017 mwaka 2023 hajasubiri chochote, pengine gemu ilipotoka alikuwa ana miaka miwili na sasa kaanza shule ya msingi, mwenzie darasani anayo na yeye anaitaka. Final Fantasy kwa miaka mingi imekuwa inauza kwa watu walewale, na wanazidi kuzeeka na kupungua, ndo maana kila toleo linaanza chini ya lililopita hata kama gemu yenyewe ni nzuri.

Lakini hapa nawageukia wenzangu wa upande wa pili, maana wanapenda kusema gemu inayodumu ndo gemu bora. Hapana. Kuna kitu kinaitwa mtumba wa gemu na Japani wanauchukulia siriazi. Makampuni ya gemu yalipeleka kesi mahakamani kuzuia maduka yasiuze gemu zilizotumika, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Aprili 2002 makampuni yakashindwa, ikawa ruksa kuuza. Matokeo yake ni maduka kama GEO na Book Off kila mji, rafu na rafu za diski zilizotumika. Fikiria jinsi inavyoenda: umenunua gemu ya hadithi Alhamisi, umekesha, ndani ya wiki mbili umeona mwisho. Ukiipeleka haraka GEO unapewa hela nzuri kwa sababu bado ni mpya, ukichelewa inashuka, kwa hiyo kila mtu anakimbilia kuuza mapema. Mteja wa wiki ya tatu akiingia dukani anakuta kopi mpya na kopi iliyotumika zimekaa jirani, ya pili bei rahisi, na ndani ya diski ni kitu kilekile. Atanunua ipi? Na ile anayonunua aliyeitengeneza hapati hata yen moja na Famitsu hawaihesabu.

Alafu kuna duka lenyewe. Kwa kawaida mzigo ukishaununua kutoka kwa msambazaji haurudishwi, kwa hiyo mwenye duka aliyechukua boksi 200 akauza 80 inabidi zile 120 azitupie kwenye toroli la punguzo pale mlangoni, nusu bei, robo bei, ili apate hela ya kuchukua mzigo wa wiki ijayo. Gemu ikishaonekana kwenye toroli watu wanajifunza kwamba za kampuni hii ukisubiri kidogo unazipata kwa bei ya kutupa, na toleo lijalo linaanza chini zaidi.

Mario Kart haimo kwenye huu mzunguko kwa sababu haina mwisho. Huwezi kuimaliza mashindano ya magari na mdogo wako, kwa hiyo huiuzi, kwa hiyo kopi za mtumba ni chache na bei yake iko karibu na mpya, kwa hiyo mtu anaona bora anunue mpya tu. Na Nintendo hawashushi bei, miaka imepita bado ni yen 6,578 na kodi yake. Animal Crossing: New Horizons vivyo hivyo, ile ilianza kwa kishindo Machi 2020, kopi milioni 1.88 kwa siku tatu shule zikiwa zimefungwa kwa korona, lakini kisiwa chako ukishakijenga nani atakwenda kukiuza GEO? Imepita milioni 10 Japani ukijumlisha na za kupakua mtandaoni, ikaipita hata Pokémon ya kwanza kabisa ya 1996. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachoitwa kupendwa kwa muda mrefu ni aina ya gemu na jinsi duka linavyofanya kazi. Gemu ya hadithi ya saa 40 inaweza kuwa bora mara mbili na bado ikafa kwenye chati mwezi wa kwanza.

Ukiniambia basi siri ni watoto tu, nakupa Yo-kai Watch. Ile ya kwanza ya kampuni ya Level-5 ilitoka Julai 2013 kwenye 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo, kimyakimya, katuni ya TV ikaanza Januari 2014 na watoto wakachanganyikiwa, ya pili ikatoka Julai 2014 ikauza kama milioni 1.28 wiki ya kwanza. Midoli, medali, vitu vya dukani, wazazi wakawa wanahangaika kutafuta. Wakati ule watu walikuwa wanaandika kwamba Pokémon imepata mpinzani. Ya tatu 2016 ikaanza nusu ya hapo, ya nne 2019 kwenye Switch ikaanza chini kabisa. Watoto walewale wakakua wakahama, na wadogo zao hawakurithi. Kumwagia soko bidhaa kila mwaka kunachosha, Level-5 walitoa toleo juu ya toleo, wakati Nintendo kwenye Switch walikaa na Mario Kart moja miaka minane wakaongezea njia mpya tu kwa malipo kidogo.

Na wala siyo Nintendo peke yao, hii watu wanaisahau. Momotaro Dentetsu ya Konami ya Novemba 2020 imepita milioni 3. Sisi tuliokulia vibanda vya PS tunamjua Konami kwa PES, kumbe kwao kinachowauzia ni gemu ya ubao ambapo unarusha dadu, unazunguka Japani na treni ukinunua maduka ya ramen na viwanda, na ukizubaa mungu wa umaskini anakuganda mgongoni anakuuzia mali zako kwa hasara. Nje ya Japani karibu hakuna anayeicheza. Familia zinaikalia sebuleni mwaka mpya, mfululizo wenyewe upo tangu 1988.

Sasa hoja nzito ya wale wa kwanza, ambayo wanaikosea. Wao wanasema Wajapani hawachezi kingine zaidi ya Nintendo. Siyo kweli, tatizo ni kwamba chati inahesabu boksi. Mfano mzuri kuliko wote ni Suika Game, ile ya kudondosha matunda kwenye boksi, mawili ya aina moja yakigusana yanakuwa tunda kubwa mpaka upate tikiti. Ilitengenezwa mwanzo kwa ajili ya projekta ya nyumbani, Desemba 2021 wakaiweka kwenye duka la mtandaoni la Switch kwa yen 240, hamna aliyejali karibu miaka miwili, Septemba 2023 watu wanaostrimu wakaanza kuicheza laivu na nchi nzima ikashikwa, mamilioni wakaipakua. Kipindi chote hicho chati ya boksi haikuiona kabisa, kama haipo vile! Na gemu za simu je? Puzzle & Dragons ya 2012, Monster Strike ya 2013, Fate/Grand Order ya 2015, hizo ndo zimekula hela za watu wazima kwenye treni miaka yote, na chati ya wiki haizijui. Kompyuta nayo imepanda, mtu wa miaka 30 Tokyo aliyekuwa ananunua diski za PlayStation leo anaweza akawa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na wewe ukasema amepotea.

Kwa hiyo Mario Kart kuonekana kila wiki kunatokana kidogo na wengine kuhama kwenye boksi. Mzazi anayemnunulia mtoto bado ananunua boksi, kitu cha kufunga na kumpa mkononi, kijana anapakua. Chati imebaki kuwa chati ya familia, na ukiisoma kama chati ya Japani nzima utadanganyika.

Bei nayo isisahaulike. PS5 ilianza 2020 kwa kama yen 55,000 na kodi, Septemba 2024 ikafika 79,980. Nintendo wakaja na Switch 2 Juni 5, 2025, ya lugha ya Kijapani tu, kwa 49,980, wakauza kama 948,000 siku nne za mwanzo, na kabla ya hapo kwenye bahati nasibu ya duka lao waliomba watu milioni 2.2 hata baada ya kuwekewa masharti ya kuwa na saa 50 za kucheza na mwaka mzima wa uanachama wa huduma yao ya mtandaoni. Sony wakaona, Novemba 2025 wakaleta na wao PS5 ya Kijapani tu isiyo na sehemu ya diski kwa 55,000. Miaka mitano wamechelewa, na tayari kizazi kizima cha shule ya msingi kimekua hakijaishika PlayStation.

Ila kinachonipa wasiwasi na upande wangu mwenyewe ni watoto kupungua. Mkia mrefu, yaani gemu kuendelea kuuza miaka na miaka, unaishi kwa watoto wapya wanaofikia umri. Mwaka 2016 watoto waliozaliwa Japani walishuka chini ya milioni kwa mara ya kwanza, 2024 walikuwa kama 686,000. Hao wa 2024 watafika umri wa kuomba Mario Kart karibu 2030, na ni wachache kwa karibu theluthi. Hamna gemu nzuri kiasi gani itakayoziba hilo pengo. Labda watu wazima watarudi, na dalili ipo: Dragon Quest III ya Februari 1988, ile ambayo wanafunzi walitoroka shule kupanga foleni mpaka polisi wakawadaka (watu mpaka leo wanasema ilitungwa sheria ya kuzuia Dragon Quest kutoka siku za kazi, hamna sheria hiyo), ilitengenezwa upya Novemba 2024 na ikauza laki 8 na ushee wiki ya kwanza Japani kwenye Switch na PS5. Wale watoro sasa wana miaka karibu hamsini na mishahara. Lakini hiyo ni wiki ya kwanza tena, mashabiki uliokuwa nao tangu zamani.

Mimi sisubiri chati ya siku gemu inatoka. Nasubiri ya wiki ya kwanza ya Januari, watoto wakishapewa ile hela ya mwaka mpya na babu na bibi, otoshidama, wanaingia dukani na bahasha zao na hamna tangazo la wiki hiyo linalowasukuma. Angalia gemu za zamani zimeuza kiasi gani hapo, alafu linganisha na Januari iliyopita na ile ya nyuma yake.